Kizingo cha Kurejea: Tulilojifunza Katika Treni ya Watoto



Treni ina tabia moja isiyokuwa nayo gari: haigeuki ilipo. Dereva wa matatu akitaka kurudi alikotoka, hutafuta pahali pa wazi, akakata kona mara mbili tatu, akaondoka. Treni imefungwa na njia yake. Ikitaka kurudi huku imetanguliza uso, sharti njia yenyewe igeuke. Kwa sababu hiyo wajenzi wa reli wamebuni namna kadhaa za kuigeuza. Iko meza ya kuzunguka, ambayo kichwa cha treni hupanda juu yake kikazungushwa nusu duara. Iko njia ya pembetatu, ambayo treni huenda mbele, ikarudi nyuma, kisha ikaenda mbele tena. Na iko njia inayojizungusha mfano wa tone la maji, ikaja kuungana na nafsi yake pale pale ilipoanzia. Treni huiingia ikitazama kusini, ikatoka ikitazama kaskazini, pasina kusimama wala kwenda kinyumenyume. Treni zinazovusha magari chini ya bahari baina ya Uingereza na Ufaransa tangu mwaka 1994 hugeuka kwa namna hii katika kila mwisho wa safari, Folkestone upande mmoja na Coquelles upande wa pili. Nyumbani kwetu njia hiyo tumeipa jina la kizingo cha kurejea.

Tunaandika tukiwa wanne: mama na wanawe watatu, wakaazi wa Kisauni, Mombasa. Baba wa nyumba amelisoma kila neno kabla halijamfikia mhariri, na idhini yake tunayo. Kizingo tunachokieleza hapa ni cha treni ya kuchezea, iliyolazwa juu ya ubao wa plaiwudi ukumbini. Tumeona tukiandike kwa kuwa nyumba nyingi za pwani zina mtu wao Ghuba, na nyingi zimekwisha kuona kwamba safari ya kurudi ina uzito wake, pengine kuliko ile ya kwenda.

Sanduku lililochelewa

Baba alikaa Ghuba miaka 9, akitunza stoo ya vifaa vya ujenzi. Kila baada ya miaka miwili alikuja kwa mwezi mmoja na siku kidogo, akaenda zake. Mwaka jana mkataba ulipokwisha alirejea moja kwa moja. Miongoni mwa mizigo yake mlikuwa na sanduku lililozungushiwa gundi ya karatasi mara nyingi. Alikuwa amelinunua kwa familia moja iliyokuwa ikihama, zamani, ili amletee mwanawe wa kiume aliyekuwa na miaka 7. Kila safari mizigo ilizidi kilo, na sanduku likabakizwa. Lilipofika hatimaye, kijana alikuwa na miaka 15. Alimshukuru baba yake kwa adabu, akaliweka juu ya kabati.

Hali ya nyumba wakati huo haikuwa ya michezo. Katika miaka 9 kila jambo lilikuwa limepata mwenyewe. Mama ndiye aliyezungumza na mwenye nyumba, akalipa karo, akamwita fundi wa mifereji. Kijana ndiye aliyefunga mlango wa nje usiku, na ufunguo ulilala chini ya mto wake. Binti wa pili, mwenye miaka 12, ndiye aliyempeleka mdogo wake chuoni. Na huyo mdogo, mwenye miaka 6, alimjua baba yake kwa uso wa ndani ya simu. Siku moja baba alimkanya asichezee maji. Mtoto akamgeukia mama na kusema, “Mama, kata simu.” Baba alicheka pamoja nasi, kisha akatoka nje akakaa barazani hadi magharibi.

Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu siku ya tatu ilifika, na kila jembe lilikuwa na mkono ulioshika. Baba, kwa nia njema, alilipa karo iliyokwisha kulipwa. Kwa nia njema, alifunga mlango saa tatu za usiku, na kijana akarudi kutoka darasani akajikuta nje ya nyumba ambayo ufunguo wake alikuwa nao yeye. Mama naye, kwa nia njema, aliendelea kuamua kama alivyozoea, na baba akawa anapata habari za nyumba yake kwa majirani. Hapakuwa na ugomvi wa kusimulika. Palikuwa na mgongano mdogo kila siku, na baada ya mgongano, kimya.

Mwezi wa Agosti ukaja ujumbe kutoka Ghuba: nafasi ipo, mkataba wa miaka miwili, jibu litakiwe kabla ya mwezi kwisha. Baba hakusema atakwenda, wala sisi hatukusema abaki. Kimya kile ndicho kilichotutisha.

Duara, kisha swali

Watoto walikuwa likizoni. Binti wa pili ndiye aliyelishusha sanduku. Ndani mlikuwa na kichwa cha treni, mabehewa matatu yenye taa, vipande vya reli, njia panda moja ya reli, na kisanduku cha kuendeshea chenye kitufe cha kuzungusha. Juu ya sanduku paliandikwa herufi mbili, HO, na kipimo 1:87. Maana yake ni kwamba kila kitu kimepunguzwa mara 87. Upana wa reli ya Madaraka Express, iliyoanza kwenda Nairobi kutoka Miritini mwaka 2017, ni milimita 1,435. Binti aligawanya kwa 87 akapata 16.5 na kitu kidogo pungufu, kisha akapima kipande cha reli kwa rula: milimita 16 na nusu. Alifurahi kama aliyefumaniwa na zawadi. Baba, ambaye hakuwa amepata kuipanda treni hiyo ya Miritini hata siku moja, alisogea kutazama ile rula.

Tukanunua ubao wa plaiwudi wa futi nane kwa nne, tukaulaza juu ya meza mbili. Duara lilikuwa tayari kabla ya adhuhuri. Treni ilizunguka, ikazunguka, na mdogo wetu akaitazama kwa dakika kumi. Kisha akauliza, “Mbona yazunguka tu, hairudi kwao?”

Kwa hivyo tuliubomoa mduara. Tukaweka kituo upande mmoja wa ubao, njia iliyonyooka kutoka kituoni, na mwisho wa njia hiyo njia panda, ambayo matawi yake mawili yanakutana kwa kizingo. Treni ingeondoka kituoni, ingeshika tawi la kulia, ingezunguka, ingetokea tawi la kushoto, na kurudi kwao ikitanguliza uso. Kijana, aliyekuwa akijifanya anasoma, aliweka kitabu chini akaja kupachika kipande cha mwisho.

Kilipoingia tu, treni ilikufa. Taa nyekundu ikawaka katika kisanduku. Tukakitoa kile kipande: treni ikaondoka. Tukakirudisha: ikafa. Baba alisema huenda reli imepindwa na mtu. Kijana alisema labda sanduku limekaa mno. Mama aliikagua waya. Kila kipande kilitazamwa, na kila kimoja kilikuwa kizima. Maneno yalianza kupanda, na msomaji ataelewa kwamba hayakuwa yakihusu reli tu. Tulilala mapema usiku huo.

Nyuzi mbili

Asubuhi binti wa pili alikwenda kwenye cherehani ya mama, akachukua uzi mwekundu na uzi mweusi. Kuanzia kituoni, alilaza uzi mwekundu juu ya chuma cha kushoto, na mweusi juu ya chuma cha kulia. Alifuata njia taratibu, akiingia kizingoni, akizunguka, akirudi. Alipofika tena kwenye njia panda, uzi mwekundu ulikuja kulala juu ya mweusi, na mweusi juu ya mwekundu. Alituita sote kuona.

Jambo lenyewe ni hili. Treni ya namna hii hupata umeme kutoka chini. Chuma kimoja hubeba chanya, cha pili hubeba hasi. Umeme hupanda kwa magurudumu ya upande mmoja, ukapita katika mota, ukashuka kwa magurudumu ya upande wa pili. Ni umeme wa volti 12, wa kwenda upande mmoja kama wa betri. Ukibadilisha chanya ikawa hasi na hasi ikawa chanya, mota huzunguka kinyume na treni hurudi nyuma. Madhali njia imenyooka au ni duara, kila chuma hubaki na chake. Lakini njia ikijigeukia yenyewe, chuma cha kushoto cha anayerudi hukutana na chuma cha kulia cha anayekwenda. Chanya hugusana na hasi, umeme hupata njia ya mkato usipitie kwenye mota, na hiyo ndiyo shoti. Kisanduku hujizima kwa usalama wake.

Anayetaka kuhakikisha bila ya treni, na asimame akabiliane na mwenziwe uso kwa uso. Mkono wake wa kulia utakuwa mbele ya mkono wa kushoto wa mwenziwe. Hakuna aliyesimama vibaya. Mmoja anakuja, mwingine yuko, na kulia kwa huyu ndiko kushoto kwa yule.

Tulinyamaza kidogo kuuzunguka ubao. Usiku uliopita tulikuwa tumemtafuta aliyepinda reli, na kumbe hapakuwa na reli iliyopinda. Kila kipande kilikuwa sahihi. Shoti ilitoka katika umbo la njia: njia yoyote inayorudi ilikotoka itakuwa nayo, hata ikijengwa na fundi bora.

Baba aliuliza swali zuri. Reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, karibu na Mazeras hujizungusha ikapita juu ya nafsi yake. Mbona haina taabu hiyo? Kijana akamjibu, na hayo yalikuwa mazungumzo yao marefu zaidi kwa wiki nyingi. Kwanza, treni ile hubeba nguvu zake yenyewe, hainywi umeme kutoka kwenye vyuma. Pili, pale njia hupita juu ya njia kwa daraja; hazigusani, na treni huendelea na safari yake. Kizingo chetu kinagusana na nafsi yake kwa makusudi, kwa sababu kinataka kurudi.

Namna ya kukitengeneza

Ziko njia mbalimbali za kulitatua jambo hili. Kampuni ya Märklin ya Göppingen, Ujerumani, huweka mguso wa tatu katikati ya njia, na vyuma viwili vya pembeni vikawa vya namna moja. Kwao kizingo hakina shoti. Siku hizi iko pia mitambo ya kidijitali yenye kifaa kinachohisi shoti na kubadilisha umeme wa kizingo kabla treni haijapata hata kusita. Treni yetu ilikuwa ya mtindo wa zamani, na dawa yake pia ni ya zamani. Tunaieleza kwa wazazi watakaotaka kuijaribu.

Kwanza, kizingo hutengwa. Tulikata vyuma kwa msumeno mwembamba pahali pane: vyote viwili mara baada ya tawi la kulia, na vyote viwili mara baada ya tawi la kushoto. Katika kila mwanya tulitia kiungo cha plastiki badala ya cha chuma. Sasa treni inaweza kupita, umeme hauwezi.

Pili, kizingo hupewa waya zake zenyewe, mbili, kutoka moja kwa moja kwenye kisanduku.

Tatu, njia kuu hupata umeme kupitia swichi ya miguu sita, ambayo fundi wa redio yeyote huwa nayo. Miguu hiyo imepangwa jozi tatu. Jozi ya kwanza hupokea waya kutoka kwenye kisanduku. Jozi ya mwisho huunganishwa na ile ya kwanza kwa waya mbili zilizopishana msalaba, ili chanya iende kwenye hasi na hasi iende kwenye chanya. Jozi ya katikati ndiyo inayopeleka umeme kwenye njia kuu. Ukilaza mkono wa swichi huku, chanya iko kushoto. Ukiulaza kule, chanya iko kulia.

Baba alishika kichomeo cha lehemu, kijana akashika waya. Waya ya pili walibadilishana. Mama aliweka sharti moja ambalo tunalirudia hapa: volti 12 za relini hazimdhuru mtoto, ila kisanduku chenyewe huingia ukutani kwenye volti 240, na hakifunguliwi na mtu asiyekuwa fundi.

Nne ni namna ya kuiendesha, na hapa ndipo tulipojifunza zaidi. Treni hutoka kituoni, ikaingia kizingoni kwa tawi la kulia. Ikiwa ndani, swichi hugeuzwa na njia panda hugeuzwa. Treni hutokea tawi la kushoto, ikaikuta njia kuu imekwisha kubadilika, ikarudi kwao.

Mara ya kwanza mdogo wetu, kwa hamu, aligeuza swichi mapema. Taa nyekundu ikawaka. Kichwa cha treni kilikuwa kimekwisha kuingia kizingoni, lakini behewa la mwisho lilikuwa limeupanda mwanya. Mabehewa yenye taa hunywa umeme kwa magurudumu yake, kwa hivyo magurudumu ya mbele yalikuwa kizingoni na ya nyuma yalikuwa bado njia kuu, yakiziunganisha sehemu mbili zilizokuwa zimetofautiana. Ndiyo maana mafundi wa treni hizi hushikilia kanuni moja: kizingo kiwe kirefu kuliko treni nzima, kuanzia pua ya kichwa hadi gurudumu la mwisho. Treni yetu ina urefu wa karibu mita moja, na sehemu iliyotengwa ni zaidi ya mita mbili. Nafasi ilikuwepo tele. Kilichotakiwa ni kusubiri.

Mara ya pili alisubiri. Alihesabu mabehewa kwa sauti, moja, mawili, matatu, ndipo akageuza. Treni haikusita hata kidogo. Ilizunguka, ikatoka, ikarudi kituoni.

Anayegeuza swichi

Usiku ule, baada ya chakula, binti wa pili alimweleza baba mpango wote tangu mwanzo, kwa nyuzi zake mbili. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Na ile treni, ikiwa kizingoni, yenyewe inabadilishwa nini?”

“Haibadilishwi kitu,” binti akajibu. “Umeme wa kizingoni ni ule ule. Inayobadilishwa ni njia kuu. Wewe waendelea tu kwenda mbele, sisi ndio tunaogeuza swichi.”

Hakukusudia kusema “wewe” na “sisi”. Alikuwa akieleza treni. Lakini lilikwisha kusemwa, na hakuna aliyelipuuza. Baba alizungusha kikombe chake cha kahawa mkononi, kisha akasema kwamba kwa miezi mitano amekuwa akijihisi amefika kichwa tu, na mabehewa bado yako njiani. Bado huamka saa kumi za usiku kulingoja basi la wafanyakazi. Bado huhesabu kwa riale kabla ya kuhesabu kwa shilingi. Alidhani ataulizwa kwa nini hajabadilika. Mama naye akasema alidhani ataambiwa kwa miaka 9 amefanya kila kitu kinyume.

Mazungumzo yale yaliendelea mpaka usiku wa manane. Tuliyoafikiana ni machache, na tunayaandika kwa sababu yalitufaa.

Tulikubaliana kwamba hadi mwisho wa muhula wa tatu, baba yuko kizingoni. Hatatakiwa kuamua jambo la nyumba, wala hatalaumiwa kwa kutoamua. Ufunguo utabaki kwa kijana na karo itabaki kwa mama. Atakaa, ataona, atauliza akitaka. Wakati huo huo, sisi tulio njia kuu, kila mmoja atageuza jambo moja la upande wake, kwa wakati wake, bila ya kusukumwa.

Mama alianza kuandika hesabu ya nyumba katika daftari la shule na kuliacha wazi mezani. Hapo kwanza hesabu hiyo ilikaa kichwani mwake tu, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwonyesha. Wiki ya tatu baba alimwomba kalamu, akaongeza mstari wa bei ya gesi. Kijana alikaa na ufunguo wake mwezi mzima. Kisha usiku mmoja, bila ya kuambiwa, alikwenda akauweka mbele ya baba yake na kusema kesho ana mtihani, anataka kulala mapema. Tangu hapo hufunga kwa zamu. Binti wa pili aliachia njia ya chuoni: baba ndiye anayempeleka mdogo sasa, na hurudi akitusimulia mambo ambayo sisi hatukuwahi kuambiwa.

Mdogo wetu hakupewa la kugeuza. Juzi shangazi alipiga simu wakati wa chakula, na mazungumzo yakarefuka. Mtoto akamvuta baba yake mkono wa kanzu: “Baba, kata simu, chakula chapoa.” Mama alilazimika kuinuka kwenda jikoni kuficha uso wake.

Siku ya mwisho ya Agosti baba aliwaandikia wale wa Ghuba, akawashukuru, akaomba radhi. Sasa ni mtunza stoo katika duka moja la mjini. Mshahara wake ni mdogo sana ukilinganisha na ule wa ng'ambo, na daftari la mezani haliufichi ukweli huo. Nyama imepungua. Masomo ya ziada ya kijana yamekoma. Hatusemi kwamba kila baba arudi, wala kwamba kila anayerudi abaki. Nyumba hazilingani, na riziki ina milango yake. Twajua pia kwamba watu si mabehewa. Swichi hugeuka kwa sekunde moja, sisi ilituchukua miezi mitatu, na yako mambo mawili matatu ambayo taa yake nyekundu bado huwaka mara kwa mara.

Lakini lau tungeambiwa haya kabla hajarudi, tungeyapokea kwa shukrani, nasi twawaambia wenye wasafiri wao. Msimtafute aliyepinda reli. Nyinyi mlijifunza kulia na kushoto kwenu yeye akiwa mbali, naye alijifunza kwake, na mnapokutana uso kwa uso pande hizo hazitalingana hata mkiwa nyote mko sawa. Mtengeeni muda usiokuwa na hukumu, wenye mwanzo na mwisho unaojulikana. Muda huo uwe mrefu kuliko mizigo aliyokuja nayo, kwa maana mwili hufika kwa ndege siku moja na mengine hufuata polepole. Na wakati yeye yumo humo, msikae mkimtazama kama atabadilika. Geuzeni ya kwenu, ili atokapo aikute njia imekwisha kumngojea.

Na kwa wale watakaotaka kujenga ile ya ubaoni tu, tunawatakia kheri na wasaa mwema na watoto wao. Nunueni viungo vya plastiki vinne na kimoja cha akiba, na ipimeni treni yenu kabla ya kukata reli.